Naomba ushauri: "zitanifuata" ya Zaburi 23:6

Shalom wapendwa. Nimepewa zamu ya kufundisha Zaburi 23 kwenye ibada yetu ya nyumba kwa nyumba, nikakwama mstari wa 6: "Hakika wema na fadhili zitanifuata". Kitenzi cha Kiebrania hapo ni radaf, kilekile cha Farao kuwakimbiza Waisraeli katika Kutoka 14, na cha wale wanaomsaka Daudi katika Zaburi 7. Si kufuata kwa kujikokota kama mbuzi nyuma ya mchungaji! Nafikiria kusema "zitaniandama", ila kwetu anayeandamwa huwa na madeni au mapepo. Mliosoma Kiebrania, neno radaf hubeba uadui daima? Na "fadhili", kwa Kiebrania hesed, niieleze kama rehema au uaminifu wa agano? Zamu yangu ni Jumamosi.