Tuliojitengenezea skrini ya projekta sebuleni, tupeane uzoefu

Mkazi wa Goba

Wakuu, habari za jioni. Shemeji aliniletea projekta, ikalala kabatini miezi minne kwa sababu ukuta wa sebule yangu ni wa kijani. Ukirusha mpira pale, wachezaji wote wanaonekana wana nyongo. Nikaenda kuulizia skrini ya dukani, ile ya kuvuta kwa mkono. Nilivyotajiwa bei nikaaga kwa adabu.

Nikaanza na shuka, kama wengi wenu najua mlivyoanza. Ilikuwa Agosti 22, 2025, robo fainali ya CHAN, Stars na Morocco pale kwa Mkapa, na mimi nimealika majirani wawili. Shuka jeupe la kitanda cha wageni, misumari minne. Feni ikiwashwa shuka linapumua, goli linatanuka na kusinyaa. Kijani nacho hakikutoka, maana mwanga unapenya shuka, unagonga ukuta, unarudi na rangi yake. Morocco walipofunga lile bao moja, jirani akasema hajaliona, mpira ulipita kwenye mkunjo.

Wiki iliyofuata nikatafuta kitambaa cha blakauti, kile kizito cha kuzuia jua kinachowekwa nyuma ya mapazia. Upande mmoja kina kama mpira mweupe, mwanga haupiti. Upana wake mita 2.8, kwa hiyo kwa skrini ya inchi 100 (sentimita 221 kwa 125) nilihitaji mita moja na nusu tu, na nikabaki na cha kukunja nyuma ya fremu. Elfu 18. Mbao tatu za futi 12, mbili kwa mbili, elfu 18. Kila mbao ya kwanza na ya pili ilitoa kipande kirefu kimoja na kifupi kimoja, ya tatu ikatoa mhimili wa katikati na vipande vya kona. Mahameli nyeusi ya kuzungushia pembeni elfu 7.

Kitambaa nilijaribu kukivuta mwenyewe nikaharibu. Nikambebea fundi sofa wa mtaani, akacheka, akang'oa pini zangu zote. Alipiga pini moja katikati juu, akavuta, akapiga moja katikati chini. Halafu katikati kushoto, katikati kulia. Ndipo akaanza kwenda pembeni kidogo kidogo, huku na huku, kona akaziacha mwisho kabisa. Mimi nilikuwa nimeanzia kona. Akaniambia ukianzia kona, mkunjo huo utazeeka nao. Akachukua elfu 10. Jumla 53,000, na kitambaa ukikigonga kinalia kama ngoma.

Karibuni, na nyie mlifanyaje?

Fundi Keko

Mkuu umefanya vizuri ila hujasema kitu kimoja, mbao ilikuwa kavu? Mwaka juzi nilimtengenezea mteja fremu ya namna hiyo, ana haraka, Jumamosi ana shughuli. Nikatumia paini iliyoshushwa siku mbili nyuma. Shughuli ilipita salama. Wiki ya tatu ananipigia, kona ya chini imenyanyuka ukutani, kidole kinapita. Picha upande ule imefifia, ukiiweka sawa huku kule kunaharibika. Nikarudia kazi bure.

Sasa hivi mtu akija na haraka namwambia akanunue mbao mwenyewe, aiegemeze ndani wiki mbili, tuonane.

Na kabla ya kuvalisha kitambaa pima mishazari. Futi kamba kona hadi kona, halafu kona nyingine hadi kona. Kwa vipimo vyako zote mbili zisome 254, ndiyo inchi 100 yenyewe. Zikitofautiana hata sentimita moja fremu yako imelala, na mahameli haitakaa sawa na ukingo wa picha. Utakuwa unakodolea kile kimstari cha mwanga kila siku badala ya kuangalia filamu.

Bint Kisauni

Hamjambo wa bara. Huku kwetu sikuhangaika na mbao, mchwa na unyevu wataila tu. Nilipaka ukuta. Lakini nikwambieni kilichonipata.

Mume wangu nilimtuma rangi nyeupe, akarudi na ile yenye mng'ao kidogo, ati muuzaji kamwambia inafutika vizuri. Inafutika kweli. Tukapaka mikono miwili, usiku tukawasha, katikati ya picha kuna duara la mwanga kama taa ya bodaboda inakujia. Kila muigizaji akisimama katikati, uso wote umeungua. Nikapiga msasa ukuta mzima, vumbi mpaka kwenye unga wa chapati, nikapaka upya rangi ya maji isiyong'aa hata chembe. Duara likaondoka.

La pili, plasta. Mchana ukuta wangu naona umenyooka. Zima taa, shika tochi ulaze mwanga ubavuni mwa ukuta, utaona vilima na mabonde yote aliyoyaacha fundi. Mimi yangu ilikuwa na alama za mwiko mfano wa mawimbi. Bora kuyaona kwa tochi kabla ya kununua rangi.

Kijana wa Nyegezi

Sisi wa getto tulitaka bure kabisa. Rafiki alikuwa na bango la zamani la uchaguzi, fleksi kubwa nzito, la mgombea udiwani mmoja ambaye kura hazikutosha. Tukaligeuza upande wa nyuma, mweupe safi. Filamu ikianza tunaona vizuri, ila kila kukiwa na tukio la mchana, mwanga mwingi, mheshimiwa anajitokeza taratibu kwa nyuma, anatabasamu, mkono juu. Filamu ya mapenzi, wawili wanataka kubusiana, katikati yao yuko diwani.

Tukachanga tukanunua fleksi tupu, ile yenye tabaka jeusi ndani. Wakatutobolea na kutuwekea vile vitundu vya chuma kila baada ya futi moja. Mwanzo tulifunga kwa kamba, ikawa inalegea. Tulipofanikiwa ni pale tulipokata tyubu ya baiskeli vipande vyembamba, kila kitundu na kipande chake, tunavutia kwenye fremu ya mabomba ya chuma tuliyookota saiti. Mpira unavuta pande zote sawasawa, na joto likilegeza fleksi, mpira unafuata.

Ubaya wake inang'aa, dada wa Kisauni kasema ukweli. Tuliinamisha skrini kidogo sana, juu iangalie chini, lile duara likashukia sakafuni.

Mama Wawili

Mimi uzoefu wangu ni mfupi. Msipige pasi blakauti upande wenye mpira. Niliweka pasi sekunde tatu, mpira ukaganda kwenye pasi, kitambaa kikabaki na kovu la umbo la pasi. Mpaka leo kwenye habari mtangazaji ana kovu shavuni. Geuza, weka kitambaa kingine juu, moto mdogo.

Na ining'inizeni juu ya kimo cha mtoto mwenye pilau mkononi.

Kibanda Yangu

Wakuu mimi sina sebule, nina kibanda umiza, watu arobaini siku ya dabi. Nataka inchi 150. Projekta yangu kwenye boksi wameandika lumeni 9,000, yaani nguvu ya mwanga. Fundi wa blakauti aniambie mita ngapi.

Mkazi wa Goba

@Kibanda Yangu kabla ya mita, kaka, hiyo 9,000 ya boksi usiiamini. Tafuta kama kuna mahali wameandika ANSI, hiyo ndiyo namba iliyopimwa kwa kanuni. Yangu kwenye boksi ilikuwa 7,000, kwenye karatasi ya ndani kwa maandishi ya sisimizi ANSI 300.

Na ukitoka inchi 100 kwenda 150, eneo linakuwa mara mbili na robo. Mwanga ni uleule, unautandaza kama siagi kidogo kwenye mkate mkubwa. Kwenye kibanda cha mabati ambacho jua linaingia kwa matundu ya misumari, mechi ya saa kumi jioni watu watadai nauli zao. Ziba matundu kwanza, halafu anza na inchi 100.

Nyongeza kwa wote, washa projekta ukutani kabla hujanunua hata uzi. Yangu kwa picha ya upana wa mita 2.21 inataka ikae kama mita 3.1 nyuma. Binamu yangu alikata kitambaa cha inchi 120 akagundua projekta inatakiwa kukaa jikoni.

Mzaliwa wa Malindi, Muscat

Assalaam alaykum. Huku majlisi yetu ina madirisha makubwa na wageni hawapendi kukaa gizani, kwa hiyo nyeupe ilinishinda. Kila kitu cheusi kwenye picha kilikuwa kijivu kilichopauka. Nikachanganya rangi ya maji nyeupe na nyeusi kidogo mpaka ikawa kijivu cha majivu ya mkaa, nikapaka ubao wa jipsamu. Ubao una urefu wa mita 2.4 na kimo 1.2, nikakata ubaki 2.13 ili ufuate uwiano wa picha, upana 16 kwa kimo 9, ikatoka inchi 96. Weusi umerudi, nyuso zinaonekana. Ila ukubali picha nzima inafifia kidogo, na kama projekta yako ni dhaifu usijaribu kijivu, baki na nyeupe na ufunge mapazia.

Mpangaji Tabata

Swali kwenu mafundi. Mwenye nyumba wangu hataki msumari ukutani, hata wa kalenda. Fremu nimetengeneza kama ya mkazi wa Goba, naiegemeza kwenye kochi nikiangalia, nikimaliza naisukuma chini ya kitanda. Kitanda futi sita kwa sita. Inabaki imetokeza sentimita arobaini, mke wangu amejigonga mguu mara tatu, na mara ya tatu hakusema kitu. Nifanyeje?

Fundi Keko

@Mpangaji Tabata, katikati ya mbao ndefu zote mbili kata, weka bawaba kwa nyuma na komeo moja juu moja chini. Kitambaa kisipigwe pini, kishonwe pindo na lastiki kwenye kona nne kama shuka la godoro, ukivue kabla ya kukunja ukiviringishe kwenye bomba la plastiki. Hutapata ile ngoma ya Goba, utapata kimkunjo kidogo pale katikati. Fremu ikikunjwa ina mita moja na ushee, inakaa nyuma ya kabati.

Bawaba nunua za inchi tatu. Na muombe radhi mkeo leo leo.

Mpangaji Tabata

Bawaba nimeshanunua fundi. Hilo jingine natafuta namna.