Uwanja wako wa kubuni uliharibikia wapi? Tupeane uzoefu

Kasuku wa Milimani:
Jana nilifungua sanduku la marehemu mama nikitafuta hatimiliki ya shamba, nikakutana na daftari langu la hesabu la darasa la saba, lile la miraba. Mbele hesabu, nyuma viwanja. Wa kwanza kabisa nimeuandika kwa kalamu nyekundu: KISUMU 1926, WATU 90,000. Elfu tisini! Nilicheka hadi jirani akabisha mlango kuuliza kama kuna usalama. Basi wenzangu mnaougua ugonjwa huu wa kuchora viwanja vya zamani ambavyo havikuwahi kuwepo, kila mtu atoe wake. Aibu kubwa kabisa ilikupata wapi?

Fundi Kondele:
Elfu tisini wangekaa wapi, juu ya viboko? Haya, yangu. Mwaka wa kwanza nilichora majukwaa yote ya mbao, najisifu kabisa, maana si Uingereza ya zamani ilikuwa mbao tupu? Nikampelekea baba mdogo, seremala wa miaka mingi. Akavaa miwani, akainua karatasi juu kama daktari anayesoma eksirei, akauliza maneno mawili tu: "Mchwa je?" Karatasi niliichana mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Luanda:
Mbao si mchwa tu, Fundi. Ibrox, Glasgow, tarehe 5 Aprili 1902, Uskochi wakicheza na Waingereza. Ngazi za mbao ziliachia watu wamesimama juu yake, wakatumbukia chini. Waliokufa ni 25. Na aliyeuchora uwanja ule ni Archibald Leitch, huyu huyu mnayemwabudu hapa kila siku kwa vile vyuma vyake vya msalaba mbele ya majukwaa. Baada ya msiba ule ndipo ikawa kawaida kulaza ngazi juu ya tuta la udongo. Kwa hiyo ukichora wa baada ya 1902, rundika udongo kwanza.

Ingwe Damu:
Tuta. Mwalimu amemaliza.

Mgeni Hapa:
Samahani wakubwa, mimi ndio naanza. Kila ngazi iwe na kimo cha sentimita ngapi?

Nyar Ahero:
Mimi hilo tuta ndilo lilinimaliza. Wazo langu lilikuwa tamu, sikilizeni. Reli ilifika Kampala 1931. Kabla ya hapo safari ya Uganda ilikuwa unafika Kisumu kwa treni, unapanda meli gatini. Kombe la Gossage la Kenya na Uganda nalo lilianza 1926. Sasa katika historia yangu wakubwa wa kabumbu wanakubaliana: mechi zote zichezewe katikati, yaani kwetu. Watu wa Nairobi wanashuka na treni, watu wa Kampala wanashuka na meli, wanakutana. Uwanja nikauweka uwanda wa Kano kwa sababu ni tambarare kama meza. Tuta pande zote nne, ngazi hamsini, jukwaa la mawe upande mmoja. Wiki tatu za kuchora usiku.

Baba yangu ni fundi wa mawe. Ilikuwa Januari, jua la kuchoma utosi. Aliangalia mchoro, hakusema kitu, akanishika mkono tukaenda nyuma ya nyumba. Akachutama. Akaingiza mkono kwenye ufa wa ardhi ukapotea mpaka kwenye kiwiko. Akautoa, mweusi. "Udongo wa pamba," akasema. "Ukikauka unapasuka, ukinyeshewa unavimba. Mwezi wa nne utakuinulia jukwaa, mwezi wa kwanza utaliangusha. Mto Nyando ukifurika utafuga kambare golini." Kisha akaenda kunywa chai. Uwanja nimeuhamisha mara tatu tangu siku hiyo. Sasa umeegemea mwinuko wa Riat, na bado nikipita Ahero na matatu naangalia upande mwingine.

Fundi Kondele:
Kambare golini! Huyo baba namsalimia.

Menengai Moto:
Nyar Ahero, afadhali yako uliambiwa mapema. Mimi ni wa Nakuru. Nilichora wangu wa 1924, jukwaa la matofali ya kuchoma lenye ukuta wa nyuma wa mita tisa bila nguzo hata moja. Nikaandika historia yake yote: nani alicheza, lini lilipakwa rangi, mpaka 1963 wakati Nakuru All-Stars wanachukua ubingwa wa kwanza wa ligi ya Kenya, hiyo ni kweli si ya kubuni, wanainua kombe mbele ya ukuta ule. Miaka miwili najivunia. Halafu siku moja nasoma habari za tetemeko la Subukia, 6 Januari 1928. Ukubwa wake karibu 7. Subukia! Hapo tu nyuma ya mlima! Ukuta wa mita tisa bila nguzo. Nilikaa kitandani nikaangalia dari.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii: katika historia ya kubuni unaweza kubadilisha watu wote, lakini ardhi haijui kwamba umebuni. Nikaacha ukuta uanguke 1928, nikajenga upya mfupi. Umekuwa mzuri zaidi kuliko wa kwanza, kusema kweli. Na nyie wa Kisumu mnaopenda kuweka viwanja kando ya maji, kumbukeni ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964.

Kasuku wa Milimani:
Sasa umezamisha uwanja wangu mchana kweupe.

Ingwe Damu:
Mulembe. Wangu ni wa Kakamega, wa wachimba dhahabu. Mnajua miaka ya 1930 dhahabu ilivyoleta watu kule. Nimeuchora wa 1932, ngazi zimekatwa kwenye mwamba, paa la mabati lenye mwinuko mkali kwa sababu ya mvua yetu ya alasiri. Haujawahi kuniletea aibu yoyote. Timu ya nyumbani unaijua bila kuuliza.

Mwalimu Mstaafu, Luanda:
Nimeuona mchoro huo ulipouweka mwaka jana. Juu ya kisanduku cha penalti kuna upinde.

Ingwe Damu:
Ndiyo. Si kila uwanja una upinde?

Mwalimu Mstaafu, Luanda:
Upinde uliingia sheria 1937. Wachimbaji wako wa 1932 waliuona kwa darubini gani?

Ingwe Damu:
Mwalimu, nina picha ya Uingereza ya miaka ya ishirini na upinde upo.

Mwalimu Mstaafu, Luanda:
Basi si ya miaka ya ishirini. Kisanduku chenyewe hicho cha mstatili ni cha 1902. Mtu akichora uwanja wa Desemba 1901, reli inapofika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, hata hicho kisanduku asiweke. Kufuta upinde ni kazi ya dakika moja, ndugu yangu. Kiburi ndicho kinachochukua muda.

Ingwe Damu:
Sifuti. Ni historia mbadala. Kwangu upinde ulianzia Kakamega, Waingereza wakatuiga.

Fundi Kondele:
Hahaha mpe hiyo moja, Mwalimu.

Mgeni Hapa:
Ngazi wakubwa?

Ja-Dunga:
Nimesoma kimya tangu asubuhi, nikasema sitaandika. Lakini neno "aibu" limenigusa, wacha nitoe, na msinihukumu.

Nilichora Uwanja wa Gati. Jukwaa moja dogo la mabati, nguzo za mabaki ya reli, saa kubwa kama ya stesheni, nyuma unaona milingoti ya meli. Nikauchapisha, nikaupaka chai ya rangi kwa pamba, nikaukausha juani ukajikunja pembeni, nikaupiga picha na simu. Chini nikaandika kwa mkono: Kisumu, 1946. Jumapili jioni nikautuma kwenye kundi la ukoo. Sikuandika kitu kingine. Nilitaka tu wasifu kazi, wallahi.

Dakika kumi, mjomba mmoja: "Hapo ndipo tulikuwa tunaruka ukuta." Mwingine akamkatalia, ukuta ulikuwa upande wa pili. Wakaanza kubishana nani alifunga siku gani. Mimi nacheka jikoni na simu mkononi. Halafu ikaingia sauti ya jaduong', mdogo wake babu, miaka 84. Dakika saba. Anasema babake alimbeba mabegani kutoka Nyalenda, wakakaa upande wa mwembe, akanunuliwa njugu kwenye karatasi iliyokunjwa. Meli ikapiga honi katikati ya mchezo na wachezaji wote wakasimama kuangalia, mpira ukatoka wenyewe. Mwishoni alikuwa analia. "Nilifikiri nimebaki mimi peke yangu ninayeukumbuka," akasema.

Niliandika "Jaduong', uwanja huu nimeuchora mimi" mara nne. Mara nne nikafuta.

Alifariki Agosti. Kwenye mazishi nagawa wali, mtoto ananiletea ratiba ya ibada. Ukurasa wa nyuma, rangi kamili: uwanja wangu. Ndani, kwenye historia ya marehemu: "Katika ujana wake alisakata kabumbu Uwanja wa Gati, Kisumu." Mshereheshaji akasoma kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi. Sasa shangazi anataka niikuze niiweke kwenye fremu ya sebuleni, kwa sababu mimi ndiye "mtu wa kompyuta".

Nyar Ahero:
Mungu wangu.

Fundi Kondele:
Omera.

Mwalimu Mstaafu, Luanda:
Kijana, nakuambia kama mzazi. Huo ni uongo na unazidi kukua. Leo ni fremu, kesho mwanafunzi ataunukuu kwenye insha. Enda kwa shangazi, kaa chini, sema.

Menengai Moto:
Usiseme lolote. Ziwa lilipanda 1961, uwanja ukazama, ndiyo maana leo hakuna kitu pale gatini. Nimekutengenezea ushahidi bure.

Kipa wa Zamani:
Kwani mzee alidanganya? Pengine kulikuwa na kiwanja fulani cha vumbi, mwembe ulikuwepo, njugu zilikuwepo, picha yako imemfungulia mlango tu. Mimi sioni kosa.

Mwalimu Mstaafu, Luanda:
Kosa ni "Kisumu, 1946" na ile chai. Angeandika "mchoro" tusingekuwa hapa.

Ingwe Damu:
Mwalimu anapenda kufuta vitu vya watu leo.

Kasuku wa Milimani:
Jamani tusipigane juu ya kaburi la mzee. Ja-Dunga, mimi ningeandika nyuma ya fremu, kwa penseli, jina lako na mwaka ulipouchora. Atakayegeuza atajua.

Fundi Kondele:
Nani hugeuza fremu ya sebuleni isipokuwa mjusi?

Nyar Ahero:
Wakati mnafikiria, nimjibu Mgeni, ameuliza tangu asubuhi. Mgeni, usichukue namba moja ukapanda nayo mpaka juu. Jicho la mtu lipite juu ya kichwa cha aliye mbele yake kwa sentimita 12, 9 inavumilika. Sasa chukua jicho liko mita 2 juu ya nyasi, mita 10 kutoka mstari wa pembeni, ngazi upana 35 na kimo 15. Jicho linapita juu ya kichwa cha mbele kwa karibu sentimita 8. Panda ngazi 28 kwa kimo hicho hicho, imebaki 4, mtu wa nyuma anaangalia kofia za wenzake. Kwa hiyo kimo kinaongezeka kadiri unavyopanda, tuta linajikunja kama ndani ya bakuli. Na wa kusimama hesabu watu 47 kwa kila mita 10 za mraba, usiandike elfu tisini kama wengine.

Kasuku wa Milimani:
Nimesikia.

Mgeni Hapa:
Asante sana dada. Na magoli yaangalie wapi?

Kipa wa Zamani:
Kaskazini na kusini. Mimi nimedaka miaka kumi na moja kiwanja cha shule kilichoelekea magharibi. Saa kumi na moja unusu jua liko machoni, krosi inakuja unasikia sauti tu. Jukwaa kuu weka upande wa magharibi, wenye viti vyao waligeuzie jua kisogo.

Ja-Dunga:
Nimewasoma wote. Kwa shangazi nitaenda Jumamosi, sijui nitasema nini. Ila jana usiku nimeufungua mchoro niukuze, nikasikiliza ile sauti tena. Upande wa mwembe, anasema. Kwenye mchoro wangu hakuna mwembe, hakukuwa na mti hata mmoja. Nimeuongeza.

Kipa wa Zamani:
Upande gani?

Ja-Dunga:
Hakusema.

Kipa wa Zamani:
Weka magharibi, hapo kando ya jukwaa. Alasiri kivuli kitamfikia mtoto na njugu zake.

Mwalimu Mstaafu, Luanda:
Usiufanye mkubwa sana. 1946 ulikuwa bado mchanga.