Naomba ushauri: "aweary" ya Tennyson niiweke vipi kwa Kiswahili?

Ndugu zangu wapenzi wa ushairi, hamjambo? Natafsiri "Mariana", shairi la 1830 la Mwingereza Tennyson, na nimekwama. Mwanamke anamngoja mpenzi asiyekuja. Misumari yenye kutu imedondoka ukutani, inzi anavuma kwenye kioo, na katika kibwagizo cha beti zote 7 analia kwamba yeye ni "aweary, aweary", heri afe. Ni neno la kizamani la Kiingereza, lenye maana ya kuchoka. Hata Macbeth wa Shakespeare analitumia anapolichoka jua.

Nimejaribu "nimechoka, nimechoka". Mizani inakaa, lakini anasikika kama mtu aliyetoka kulima, ambaye usingizi wa usiku mmoja ungemtosha. "Nimekinai" ingemfaa Portia, tajiri wa "Mabepari wa Venisi" ya Shakespeare ambaye naye hulitumia neno hili, maana yeye ana kila kitu na bado dunia imemchosha. Mariana hajakinai, ameishiwa. "Taabani" inanivuta sana, ila naona inaelekea kwenye ugonjwa.

Je, kuna neno la zamani, hasa katika tungo za Lamu au Mombasa, linalobeba uchovu wa roho? Na kibwagizo kirudie neno lilelile mara mbili, au niweke mawili tofauti?