Kofia za konrodi za 4A-FE zimechanganyika, nizirudishe vipi?

Abu Sauda, Bombo
Wandugu, nina Toyota Carina ya injini 4A-FE, ilichemsha nikitoka Luweero. Hedi, yaani kichwa cha juu cha injini, nimeifungua mwenyewe hapa nyumbani, nikashusha sampu, lile bakuli la oili la chini, pistoni zote 4 nikazisukuma kwa mpini wa nyundo. Kila konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki (shafti ya injini), niliirudishia kofia yake, kile kipande cha chini kinachoibana kwenye krenki. Ijumaa nikaenda kuswali, kurudi namkuta mpwa wangu kazifungua zote, kaziosha kwa mafuta ya taa na kuzianika kwenye gunia. Alitaka kunisaidia, sikumgombeza. Sasa kofia zimepigwa namba 2, 2, 3, 2. Namba 1 na 4 ziko wapi? Au nifunge yoyote, maana zinafanana kama mapacha?

Mzee wa Masese
Usifunge, mwanangu! Hizo si namba za silinda. Toyota huzipiga kuonyesha saizi ya beringi, vile vibati vinavyokaa kati ya konrodi na krenki: 1, 2 au 3. Ukinunua beringi za standadi utazifuata hizo hizo.
Konrodi na kofia yake huchongwa tundu zikiwa zimefungwa pamoja. Ukiipa kofia ya mwenzake, tundu haliwi duara kamili, beringi inabana krenki upande mmoja na injini itagonga kabla hujaifurahia.
Fanya hivi. Toa beringi, futa nyuso za maungio mpaka zing'ae, funga kofia, vijishimo vya ulimi wa beringi vikae upande mmoja. Kisha pitisha ukucha ndani ya tundu, pale zinapokutana. Ukucha ukikwama, hata kidogo tu, hiyo si yake. Jaribu kila kofia kwa kila konrodi, mara 16. Usichoke.

Fundi wa Ndeeba
Mzee kasema kweli, ila ukucha haupimi uduara. Zikishakubali, zipeleke kwa wachongaji wazipime kwa geji. Na wewe Abu Sauda, injini imechemsha: hedi umeiwekea rula na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya? Ikipinda zaidi ya 0.05 mm, gasketi mpya haitakusaidia kitu. Bolti za hedi pia zina urefu tofauti, usizichanganye.

Abu Sauda, Bombo
Nashukuru sana wazee wangu. Nimejaribu zote 16 mpaka saa nne usiku. Mbili zimekubali, ukucha unapita kama kwenye kioo. Mbili zilizobaki, kila nikizibadilishana unakwama kidogo. Jumatatu nazileta zote Ndeeba pamoja na hedi. Mpwa wangu nakuja naye, aone zinavyopimwa.