Tupeane uzoefu: Nani ametoa redio ya gari akaweka tableti kwenye dashibodi?

Mwanzisha mada, Bombo

Asalaam aleikum, na habari zenu ndugu zangu.

Nina Toyota Premio iliyoshuka kutoka Japani na redio yake ya kule. Mwezi uliopita nilibadilisha betri ya gari, na redio ilipoamka ikaanza kudai namba ya siri kwa Kijapani. Tangu siku hiyo imekaa bubu. Na hata ilipokuwa nzima, FM yake iliishia 90, kwa hiyo kwa miezi mingi nilisikia stesheni chache tu, hasa CBS, 88.8 na 89.2. Baadaye fundi alinifungia kile kidude cha kushusha masafa kwenye waya wa antena, nikaanza kupata Redio Simba. Ila 97.3 yake ilisomeka 77.3, na stesheni nyingine zikapandana.

Nyumbani kuna tableti ya inchi 7 ambayo watoto wameiacha. Nawaza kuifunga pale ilipokuwa redio: ramani, muziki, mawaidha, vyote kwenye kioo kimoja. Naomba aliyefanya asimulie ya gari lake mwenyewe. Ya kuambiwa nimeshayasikia mengi gereji.

Dereva wa Noah, Arua

Waaleikum salaam ndugu. Mimi nilifunga mwaka 2019, nikakaa nayo karibu mwaka na nusu. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu nilipoteza fedha mahali ambapo wewe si lazima upoteze.

Kwanza nafasi. Tundu la redio kwenye Toyota za Japani ni sentimita 20 kwa 10. Tableti yangu ya inchi 7 kwa urefu ilikuwa inaingia, lakini kimo chake kilikuwa zaidi ya sentimita 11. Haiingii ndani, inabaki mbele ya tundu. Seremala mmoja wa hapa mjini alinichongea fremu ya mbao nyembamba, tukaipaka rangi nyeusi, na kwa kweli ilipendeza.

Pili sauti. Fundi wa kwanza alichukua waya wa tundu la visikizio akaupeleka moja kwa moja kwenye spika za milango. Ilitoka sauti ya mbu. Tableti haina nguvu ya kusukuma spika za gari, na redio uliyoitoa ndiyo iliyokuwa na amplifaya, yaani kikuza sauti, ndani yake. Ikabidi ninunue amplifaya ya chaneli nne, nikaiweka chini ya kiti, na waya wake mnene ukatoka betri moja kwa moja. Fyuzi ya waya huo tuliiweka karibu na betri kabisa, na hapo msikubali fundi awaambie itakaa popote. Waya ukichunika njiani na fyuzi iko mbali, kipande chote kati ya betri na fyuzi hakina kinga.

Tukawasha gari, muziki ukatoka, na pamoja nao mlio: ngiiii. Nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Wiki mbili tulidhani ni spika. Kumbe waya hasi za chaja ya tableti na amplifaya zilikuwa zimefungwa kwenye bodi, yaani chuma cha gari, sehemu mbili tofauti, na kelele ya altaneta ikawa inapita kwenye waya wa sauti. Tulizihamishia zote kwenye boliti moja iliyokwanguliwa rangi, kisha tukaweka kile kichujio kidogo kwenye waya wa sauti. Ukaisha.

Kilichonifanya niitoe ni joto. Siku moja natoka Kampala nilisimama Pakwach kununua samaki, gari likakaa juani kama saa mbili, vioo vimefungwa. Niliporudi, kioo cha tableti kilikuwa kimeinuka upande mmoja. Betri yake imevimba. Nilikuwa na watu sita nyuma, pamoja na mtoto mchanga. Niliichomoa palepale kwa bisibisi, nikaiweka chini mbali na gari, na sikuwahi kuirudisha. Betri ya simu au tableti haikutengenezwa kukaa nyuma ya kioo cha mbele mchana kutwa huku inachajiwa. Kama tableti ya watoto wako ni ya miaka mingi, ndugu yangu, igeuze uitazame mgongo kabla ya jambo lolote.

Mwalimu, Jinja

Mimi sikutoa redio. Redio ya gari langu ina tundu la AUX, la kuingizia sauti kutoka nje, kwa hiyo tableti inakaa kwenye kishikio juu ya dashibodi na waya mmoja unaingia kwenye redio. Sauti safi, hakuna waya uliokatwa. Nikifika naichomoa, naingia nayo ndani. Kwenye jamu ya Kampala naificha kabisa, maana kitu kinachong'aa karibu na dirisha lililo wazi hakikai.

Mama wa Raum, Ntinda

Habari zenu wapendwa. Nafanya special hire, yaani teksi ya kukodiwa, kwa Toyota Raum yangu, na tableti imenisaidia sana kwa ramani. Nilipakua ramani ya Uganda nzima nikiwa kwenye wifi, na sasa naitumia bila bando, kwa sababu GPS yenyewe haihitaji intaneti. Lakini angalieni jambo hili: baadhi ya tableti zisizo na nafasi ya laini hazina GPS ndani. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa hivyo. Ilionyesha ramani nzuri, na mimi sikuonekana popote juu yake.

La pili ni umeme. Chaja ya sigareti niliyoanza nayo ilikuwa ya ampea moja. Kioo kikiwa kimewaka sana na ramani inafanya kazi, tableti ilikuwa inaisha chaji huku imechomekwa. Nilipoweka ya ampea mbili na waya mfupi mnene, ikatulia. Halafu fundi akaona anisaidie, akaifunga kwenye waya wa njano wa redio, ambao una umeme saa zote. Nilikwenda Masaka msibani na mabinamu zangu kwa gari lao, siku nne, langu nimeliacha uani. Kurudi, betri imekufa kabisa. Ilipaswa kuwa waya mwekundu, ule unaopata umeme ufunguo ukizungushwa.

Na abiria wakiniomba niwashe video, nawaambia ni mpaka tusimame. Hapo sibembelezwi.

Mwanzisha mada, Bombo

Asante sana mama. Na FM je? Unaipataje?

Mama wa Raum, Ntinda

Siipati, kaka. Tableti yangu haina FM. Nasikiliza kwa intaneti, na stesheni ya kilobiti 64 inakula karibu MB 29 kwa saa. Kwa siku nzima ya kazi hiyo ni fedha, na mtandao ukikatika nabaki kimya.

Mkulima, Masindi

Hapo pa FM ndipo niliposhindwa mimi. Kila mwezi nampeleka baba yangu kliniki, na mzee husikiliza matangazo ya vifo tangu mimi sijazaliwa. Anataka kujua nani ametutoka, mazishi ni lini, wapi. Nilipofunga tableti alikaa kiti cha mbele akaniuliza, "Redio umeipeleka wapi?" Nikamwonyesha muziki, nikamwonyesha ramani. Alitazama, akanyamaza mpaka tukafika. Safari iliyofuata alikuja na redio yake ndogo ya betri, ameishika mapajani, antena ameitoa dirishani. Nilijisikia vibaya sana. Wiki hiyohiyo nilirudisha redio.

Fundi wa umeme wa magari, Ndeeba

Wakubwa zangu, nimesoma yote, na hayo ndiyo magari yanayonifikia. Naongeza machache.

Msikate soketi ya Toyota. Iko soketi ya kuunganishia, bei yake ndogo, inachomekwa bila kisu. Redio mnayonunua ina rangi zake: njano umeme wa kudumu, nyekundu wa ufunguo, nyeusi bodi, bluu wa kuamsha antena. Waya za Toyota zenyewe zina rangi nyingine kabisa, na anayeunganisha kwa kufuata rangi tu ndiye anayeunguza.

Redio ya Android inafanana na tableti kwa sura, lakini ndani haina betri ya kuvimba, ina amplifaya yake na ina FM. Ukiingiza rivasi, kamera ya nyuma inajiwasha. Vitufe vya usukani pia vinaweza kuunganishwa. Kwa tableti hayo mawili ni shida tupu. Nunua yenye fremu ya sentimita 20 ili pembeni pasibaki mianya.

Na ukiambiwa "hizi za Kichina hazishiki FM", angalia mambo mawili kwanza. Kwenye mipangilio, je, eneo la redio limebaki kwenye masafa yasiyo yetu? Na ule waya wa bluu umeunganishwa? Magari mengi ya Japani yana kikuza mawimbi kwenye antena. Kisipopata umeme, stesheni zinakuja na kelele kama za mchanga hata ukiwa Kololo, penye minara ya redio. Na kile kidude cha kushusha masafa kitolewe, hakina kazi tena.

Mwanzisha mada, Bombo

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu. Niliigeuza ile tableti kama alivyosema ndugu wa Arua. Mgongo una kinundu ambacho sikuwahi kukiona, na watoto walikuwa wanalala nayo kitandani. Nimeipeleka kwa fundi wa simu aitoe betri.

Kwenye gari nimefunga redio ya Android, ya fremu pana. Fundi wangu alitaka kuuacha waya wa bluu ukining'inia, akisema hauna kazi. Nikamsomea maneno ya fundi wa Ndeeba kwenye simu, akauunganisha, kisha akachomoa kile kidude cha antena akanipa mkononi. Mama yangu alikuwa amekaa nyuma anasubiri nimpeleke Wobulenzi. Nikaandika 97.3, na kioo kikasoma 97.3.

Mama akasema, "Ongeza sauti kidogo."