Kampuni za kutuma barua pepe kwa wingi zinawakingia kifua wauzaji wanaotujazia matangazo tusiyoyaomba

Wakuu, salamu.

Nina malalamiko, na ninaowalalamikia si wauzaji peke yao. Muuzaji anayechukua anwani ya barua pepe niliyompa kwa ajili ya risiti, kisha akaitumia kunimwagia matangazo ya viatu, mashuka na punguzo ambalo kila siku linadaiwa kuwa la mwisho, ana kosa lake. Hasira yangu kubwa, hata hivyo, naielekeza kwa kampuni zinazompa mitambo ya kutuma barua hizo kwa maelfu, zikalipwa kwa kazi hiyo, na anayesumbuliwa akilalamika zinaruka kimanga.

Kila muuzaji mimi humpa anwani yake ya pekee, kwa kuongeza alama ya kujumlisha na jina la duka baada ya jina langu, jambo ambalo huduma nyingi za barua pepe zinaliruhusu. Kwa hiyo tangazo likiingia, najua anwani ilitoka wapi. Anwani niliyompa muuzaji mmoja pale nilipotaka taarifa za kufika kwa mzigo, na ambayo sijaiandika mahali pengine popote, sasa inapokea matangazo ya duka jingine kabisa ambalo sijawahi kulikanyaga wala kununua kitu kwenye tovuti yake. Hapo hakuna cha kusema labda nilijisajili nikasahau.

Wauzaji wengine hujitetea kwa kisanduku kilicho chini ya fomu ya malipo, ambacho mteja hukikuta tayari kimetiwa tiki. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mnamo Oktoba 2019, katika kesi ya Planet49, kwamba kisanduku cha namna hiyo si ridhaa. Kesi ile ilihusu vidakuzi (cookies), yaani vifaili vidogo ambavyo tovuti huviweka kwenye kifaa cha anayeitembelea, lakini sioni kwa nini mtu ahesabiwe kuwa hajaridhia vidakuzi halafu ahesabiwe kuwa ameridhia matangazo kwa tiki ileile ambayo hakuitia yeye.

Sasa turudi kwa wenye mitambo. Ukifungua maelezo kamili ya barua hizi, yale ambayo kwa kawaida hufichwa, utaona kwamba jina la mtumaji ni la duka, ilhali seva iliyoituma na anwani inayopokea barua zilizoshindwa kufika ni za kampuni ya kutuma barua kwa wingi. Viungo vyote vilivyomo hupitia kwanza kwenye seva za kampuni hiyo ili mbonyezo uhesabiwe, na mara nyingi ndani yake mna picha ndogo isiyoonekana kwa macho, iliyowekwa ili kuripoti kwamba barua imefunguliwa. Kampuni inayojua nimebonyeza nini na saa ngapi inawezaje kuniambia kwamba haijui, wala haina njia ya kujua, kama niliwahi kutoa ridhaa?

Ukiwaandikia, jibu ni lilelile: wanachukulia suala hili kwa uzito, na anwani yako imeondolewa kwenye orodha ya mteja wao. Basi, imeisha. Hawaelezi orodha ile ilipatikana wapi, wala hawasemi mteja wao ameulizwa nini. Ni sawa na mwenye nyumba anayemhamisha jirani aliyelalamikia kelele na kumwacha mpangaji aendelee kupiga ngoma. Wenye kulalamika wakishaondolewa mmoja mmoja, orodha hubaki na watu wanaonyamaza tu, na takwimu za mtumaji zinapendeza, ingawa anwani zilizobaki zilipatikana kwa njia ileile chafu. Muuzaji akihamia kampuni nyingine, huipakia orodha yake ya zamani, na asipojisumbua kuhamisha pia kumbukumbu ya waliojiondoa, mateso yanaanza upya.

Sheria zenyewe hazifanani. Ile ya Marekani ya mwaka 2003 inamruhusu mtumaji kuanza bila kuniuliza, mradi aweke njia ya kujiondoa na kutekeleza ombi langu ndani ya siku 10 za kazi. Kwa maneno mengine, mzigo wa kukataa nimebebeshwa mimi. Kanada, ambayo sheria yake ilianza kutumika Julai 2014, inataka ridhaa itangulie, na faini kwa kampuni inaweza kufika dola milioni 10 za huko. Kinachonishangaza ni kwamba tangu Februari 2024 Google na Yahoo, ambazo si mabunge, zimewabana watumaji wakubwa kwa kuwataka waweke njia ya kujiondoa kwa mbonyezo mmoja na kuhakikisha kiwango cha malalamiko, yaani barua ambazo wapokeaji huziripoti kuwa taka, hakifiki asilimia 0.3. Hata hapo kuna kichaka cha kujifichia, kwa sababu wateja wengi wa kampuni za kutuma barua kwa wingi hutumia seva za pamoja, na anayetaka kuzizuia huogopa kuzuia pia barua halali za watu wasio na hatia.

Ninachodai si kigumu. Kabla ya tangazo la kwanza, itumwe barua moja ya kuthibitisha, na asiyeijibu asiandikiwe tena. Hata yule ambaye anwani yake iliandikwa na mtu mwingine aliyekosea herufi atakuwa amepona. Lalamiko likifika, kampuni imtake mteja wake aonyeshe ridhaa ilitolewa lini na kupitia fomu gani, na akishindwa, asimamishiwe huduma yeye na orodha yake yote, badala ya mimi kufutwa kimyakimya. Utaratibu wa uthibitisho upo tangu zamani na kampuni hizi zenyewe huwapa wateja wao kama jambo la hiari, kwa kuwa zikiulazimisha orodha zitapungua, na nyingi kati ya kampuni hizo hutoza kwa kuangalia ukubwa wa orodha au idadi ya barua.

Kwa sasa nimeacha kutafuta kile kiungo cha kujiondoa kilichoandikwa kwa herufi za kijivu mwishoni mwa barua za watu ambao sijawahi kuwapa anwani yangu. Nabonyeza kitufe cha kuripoti taka, kila mara, kwa sababu hicho ndicho kinachoingia kwenye ile asilimia 0.3.