Amenipokonya peremende kliniki ya kisukari, sukari yangu ikiwa imeshuka!

Ndugu wanajukwaa, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, na sasa si kwa sababu ya sukari bali kwa hasira. Yule bwana wa mapokezi mnamjua nyote, yule anayerusha mafaili ya wagonjwa kana kwamba anapanda mahindi. Leo amenipokonya peremende nikiwa naipeleka mdomoni.

Nilifika alfajiri bila kula tangu usiku, kama nilivyoagizwa, ili nitolewe damu. Jua lilifika utosini na hakuna aliyekuwa amenichoma hata kidole, huku insulini, dawa ya kushusha sukari, niliyojidunga usiku ikiendelea kufanya kazi nami nikiwa na tumbo tupu. Jasho likanitoka, midomo ikaingia ganzi, na mabango ya ukutani yakaanza kucheza machoni. Nikajipima: 3.1, wakati chini ya 3.9 tayari ni hatari. Nikafanya kile nilichofundishwa na wauguzi wa kliniki hiyohiyo, yaani kula gramu 15 za sukari inayoingia mwilini haraka, kusubiri dakika 15, kisha kupima tena. Hapo ndipo aliponipokonya pakiti, akaiinua juu kama refa mwenye kadi nyekundu, akatangaza mbele ya foleni nzima: "Mgonjwa wa sukari anakula peremende! Halafu mnasema dawa hazifanyi kazi."

Peremende ile ndiyo iliyokuwa dawa! Sukari ikishuka zaidi mtu hupoteza fahamu, na anaweza kufa. Mtu amekaa katika kliniki ya kisukari, kutwa anaandika neno kisukari, na hajui kwamba sukari hushuka. Akaiinua juu, jamani, watu wote wakaiona.

Ninachodai ni kwamba wanaotumia insulini na wameagizwa wasile watolewe damu kwanza, na kila mfanyakazi, kuanzia mlangoni hadi dirisha la dawa, afundishwe dalili za sukari kushuka. Naye arudishe pakiti yangu.

Mpiga Kasia: Pole sana, dada. Baba yangu sukari iliposhuka akaanza kuropoka, mlinzi akamtoa nje akidai amelewa. Tulimkuta amelala chini ukutani, na daktari alikuwa hatua kumi kutoka hapo.

Kigoda: Mleta uzi, mimi nakulaumu wewe. Maneno matatu tu, "sukari yangu imeshuka", yangetosha. Ukiwa pale ulinyamaza, ukifika hapa unatuandikia waraka mzima.

Mleta uzi: Ndugu Kigoda, ubongo unaishi kwa sukari. Ukiikosa, ulimi unakuwa mzito na hata jina lako unalitafuta. Na peremende ilikuwa mkononi mwake, juu!

Mama Pacha: Nyinyi mnagombea peremende, na mimi mwanangu ana kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mwili wake hautengenezi insulini na hawezi kuishi bila sindano. Tulipewa mashine ya kupimia bure, tukapigwa picha nayo, lakini vijiti vyake vya kuwekea tone la damu hatujapewa tena. Anapaswa kupimwa mara kadhaa kwa siku. Bila vijiti, kipimo cha sindano nakikadiria kwa kumtazama usoni.

Jembe Butu: Afadhali wewe unalilia vijiti. Mimi nina miaka sita katika kliniki yetu na sijawahi kuambiwa nivue viatu, ingawa miguu na macho ya mwenye kisukari yanapaswa kukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka. Ganzi ilikuwa imeshaingia. Kidonda cha unyayoni nilikigundua soksi ilipolowa, kwa maana maumivu sikuyasikia kabisa.

Kigoda: Hilo la miguu ni kweli, na katika hili siwezi kubisha. Mjomba wangu amekatwa mguu kwa kidonda kilichoanza kama lengelenge.

Mleta uzi: Tafadhali turudi kwenye peremende.

Mpiga Kasia: Na insulini je? Ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kwetu niliikuta imepangwa dirishani, juani, na nilipouliza nikajibiwa kwamba kwa kuwa haijabadilika rangi niichukue, kwani nyuma yangu kuna foleni.

Mama Pacha: Dirishani? Uliichukua?